Mtani Aliyekosea Mlango

Alhamisi, mwezi wa Mfungo Sita. Mvua ilianza kabla kuku hawajatoka bandani, ikanyesha taratibu mpaka saa nne, kisha jua likachoma na uani pakafuka mvuke. Nguo sikufua.

Mwanangu, juzi ulipita hapa ukitoka shuleni unakofundisha, ukaacha chai yako nusu kikombe. Ulisema darasani mwako kuna msichana mwenye mdomo, anawaiga wenzake mpaka wanalia, na walimu mmekubaliana aondolewe, imebaki sahihi yako tu. Ukaniuliza, "Bibi, wewe ungefanyaje?" Nikakujibu sijui. Sikukuficha, kweli sikujua. Mimi niliishia darasa la nne, na watoto niliofundisha ni wa tumbo langu tu, nao si wote waliofundishika. Lakini tangu uondoke imenijia asubuhi moja ya shule yetu, miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, na haitaki kuondoka. Naiandika kama nilivyoiona. Palipo na shaka nitasema pana shaka.

Tulikaa mtaa wa Ngamiani. Baba yangu, Mdigo, alikuwa seremala. Mama yangu ni Mzigua wa upande wa Pangani. Na mama yake baba, yaani Bibi yangu, aliishi nasi na akipika vitumbua barazani kila alfajiri. Kilichobaki alikiweka kwenye sinia, sinia kichwani, mkono mmoja kiunoni, akaenda mitaani akiinamia upande wa kushoto kwa sababu ya nyonga yake. Wito wake ulijulikana: "Vitumbua! Mwenye njaa aje, mwenye shibe anipishe njia!" Wavulana wadogo wote aliwaita waume zake. Na Baba, mtu mzima mwenye ndevu, kila akiingia nyumbani Bibi alimuuliza neno moja tu: "Kijana, umekula?" Hata kama mdomo wa Baba bado una mafuta, ataulizwa.

Mwaka ule Bibi akashikwa na kikohozi. Kikaanza kama mchezo, kikamkausha, kikamchukua. Tulizika, tukaanua matanga, nikarudishwa shule.

Darasani kwetu alikuwapo msichana jina lake Tabu, wa mtaa wa Mabawa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, aliletwa na kampuni kukata mkonge, mkataba ukaisha naye akabaki mjini. Watu wa namna ile tukiwaita manamba, na Tabu tukimwita mwana wa manamba. Hakuwa akilia. Alijua kuiga watu, basi ukimtukana asubuhi, adhuhuri utajiona wewe mwenyewe unatembea mbele yako, na darasa zima linacheka.

Siku ile niliyorudi, wakati wa mapumziko, Tabu akaweka kibao chake cha kuandikia kichwani, mkono kiunoni, akainamia kushoto. "Vitumbua! Mwenye njaa aje!" Ilikuwa sauti ya Bibi hasa. Wasichana wakacheka. Aliyecheka kupita wote ni Zaina, binti wa jirani yetu, aliyekula vitumbua vya Bibi bure tangu ameota meno. Tabu kuona wanacheka, akaongeza. Akakohoa. Akakohoa vile vile, kile kikohozi kirefu kinachomalizikia na mluzi kifuani.

Sikungoja kengele. Nilitoka nikaenda moja kwa moja karakana kwa Baba, nikamwambia kila kitu, na kikohozi nikamwigizia. Sijui kwa nini niliiga na mimi. Baba aliweka randa chini, akavaa kofia yake.

Mwanangu, Baba hakuwa mtu wa kelele. Aliongea na Mwalimu Mkuu akiwa amesimama, kiti akakikataa. Alisema, "Mwalimu, mtoto yule atoke katika shule hii, au Mwanasha wangu atatoka. Na nikimtoa wangu, nyuma yangu wako wazazi wengine."

Nataka niwe wa haki kwa Mwalimu Mkuu, maana wengi walimsema vibaya baadaye. Shule ya wasichana wakati ule ilikuwa kama yai mkononi. Wazazi walileta binti zao kwa shingo upande, na walihitaji kisa kimoja tu wawarudishe ndani. Akimbakiza Tabu, atapoteza pengine nusu ya darasa. Akimwondoa, amepoteza mmoja, mtoto wa mkata mkonge asiye na wa kumsemea. Alikwisha kuamua, nadhani. Viboko kwanza mbele ya shule, kisha aende kwao. Na kwao kulikuwa hivi: baba yake Tabu alikwisha kusema akirudishwa nyumbani atapelekwa Unyamwezi kwa shangazi yake, na huko aliyemngojea ni mume, si kitabu. Jambo hilo tulilijua sote. Hata mimi nililijua nilipokuwa nikienda karakana.

Aliyezuia ni mwalimu wetu wa ushonaji, Mwalimu Rukia. Alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa Pangani, sauti yake ndogo mpaka tulikuwa tunanyamaza ili tumsikie. Alimwambia Mwalimu Mkuu, "Nipe mpaka Ijumaa. Kiboko hakiozi. Kama kitahitajika Ijumaa, tutakikuta."

Kesho yake alitandaza ule mkeka mkubwa wa kushonea, akatuambia tuvue viatu tuliokuwa navyo, tukae tukiuzunguka mkeka, kila mmoja amwone kila mmoja. Katikati akaweka mtungi wa maji na kata. Akasema kwao Pangani watu wakikosana hukalishwa mkekani, na haondoki mtu mpaka wameweza kunywa maji ya kata moja. Sijui kama ni kweli kwao Pangani wanafanya hivyo. Mama yangu, wa upande huo huo, alisema hajapata kuusikia mkeka huo. Huenda Mwalimu aliutunga. Kama aliutunga, Mungu amlipe kwa uongo wake.

Akaanza na Tabu. Sisi tulingoja amuulize, "Kwa nini umefanya hivyo?" kama anavyoulizwa kila mtoto, naye ajibu, "Nisamehe Mwalimu," kama anavyojibu kila mtoto. Hakuuliza hivyo. Alisema, "Tabu, sema kilichotokea. Na wakati ule kinatokea, ulikuwa unawaza nini?"

Tabu akasema, macho yake kwenye mtungi:

"Mama yangu alipokufa, walikuja watani. Wazigua. Mmoja akafunga kanga ya mama, akatembea kama mama, akamgombeza baba kama mama. Nilikuwa sijacheka tangu azikwe. Nikacheka. Nikaona kama kaingia mlangoni. Mwanasha mama yake Mzigua. Sisi ni watani. Nikaona nimfanyie na yeye."

Hapo mwanangu lazima nikueleze, maana ninyi wa sasa utani mmeufanya mchezo wa mpira. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani msibani ana ruhusa. Atamwiga maiti, atazuia jeneza mpaka apewe kitu, atasema lisilosemeka, na hakuna kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeteka maji, anaosha masufuria, anakesha. Na Bibi yangu hakuwa Mzigua. Alikuwa Mdigo, mama wa baba yangu. Utani wa Tabu ulikuwa kwa mama yangu, wala haukufika kwa Bibi. Mtoto yule alibeba zawadi akaingia nayo mlango usio wake, tena shuleni, tena bila kuteka hata ndoo moja.

Mwalimu Rukia hakumsifu wala hakumkemea. Alimuuliza, "Na kikohozi?"

Tabu akainamisha kichwa. "Kikohozi hakikuwa utani. Walipocheka niliona utamu, nikaongeza."

Jibu lile nimelibeba mpaka leo. Angeweza kulificha. Hakuna aliyejua ndani ya kifua chake nini kilikuwa zawadi na nini kilikuwa utamu wa kuchekewa. Alivitenganisha yeye mwenyewe mbele yetu, kama mtu anayepepeta mchele.

Kisha ikawa zamu yangu. "Mwanasha, umeumia wapi?"

Nilidhani nitasema Tabu. Kinywa kikasema, "Zaina alicheka."

Zaina akaruka. "Mimi! Mwalimu, wallahi mimi nikicheka siwezi kujizuia! Hata msibani kwa babu nilitolewa nje!"

"Basi leo hujatolewa," Mwalimu akasema. "Kaa umsikilize."

Nikasema yote. Kwamba Bibi alimwita Zaina mke mwenza wake. Kwamba usiku wa mwisho nilikuwa nikimshika mgongo akikohoa, na nilipokisikia kile kikohozi shuleni mkono wangu ulijinyoosha wenyewe kumshika. Zaina akaanza kulia, na Zaina akilia ni kama akicheka, hajizuii.

Mwalimu akazunguka mkeka mzima. Kila aliyecheka akasema lake. Mmoja alisema alicheka kwa kuogopa asiigwe yeye. Na hapo Tabu, bila kuulizwa, akasema neno la pili: "Mkiniita mwana wa manamba, mimi ninaye mama pia. Alikuwa na jina." Mwalimu akauliza, "Aliitwa nani?" Akasema, "Kalunde." Tulikuwa tumekaa naye darasa moja miaka hiyo yote na hakuna aliyejua. Nami nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakimwita hivyo. Si mara nyingi, lakini mara chache nazo ni mara.

Swali la mwisho la Mwalimu Rukia lilikuwa kwangu. "Limekwisha kuvunjika. Sasa nini kitalitengeneza?" Nikasema sijui. Akasema vizuri, asiyejua hana haraka. Akamgeukia Tabu, na Tabu akajibu mara moja, kama alikuwa akilingojea: "Nitaenda arobaini kwao. Nitateka maji. Mtani hufanya kazi."

Hatukunywa kata moja siku ile. Nataka usidhani tulikumbatiana. Mimi nilikataa kata, nikasema sina kiu, na Mwalimu akaniachia. "Maji hayaharibiki," alisema, akaufunika mtungi.

Ijumaa Mwalimu Rukia aliongozana nami mpaka nyumbani kumwomba Baba amruhusu Tabu aje arobaini. Baba alimsikiliza kwa heshima, akamwitia kahawa, kisha akasema hapana. Hamtaki mtoto yule machoni pake.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka akiwa anajifuta mikono. "Mume wangu," akasema, "uliponioa uliulizwa kama unawajua watani wangu, ukasema unawajua. Umenioa nao. Msiba wa nyumba hii ni wangu pia, na mtani wangu amekuja kuomba kazi. Utamrudisha wewe?"

"Kamtukana mama yangu."

"Kakosea mlango. Mfungulie ulio wake, wa uani."

Mwisho Baba akamwambia Mwalimu Rukia, "Aje afanye kazi. Neno langu kwa Mwalimu Mkuu nalisimamisha mpaka arobaini ipite. Sijalifuta."

Niseme pia jambo alilolijua kila mtu nyumbani na hakuna aliyelitaja: tangu Bibi azikwe Baba alikuwa hali chakula. Alikaa mbele ya sinia, akagusa, akainuka. Kahawa tu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mama alipika kila alichokipenda, akarudisha jikoni kila alichokipika.

Siku ya arobaini Tabu alikuja mapema na ndoo yake, kanga kafunga kiunoni. Aliteka maji mpaka mapipa yakafurika. Alikuna nazi, akaosha masufuria kwa majivu, akawapisha wakubwa. Wanaume walikuwa mbele wakisoma khitma, sisi wanawake uani. Hakusema neno tangu asubuhi, na mtu asiyemjua angedhani ni bubu. Chakula kilipokwisha kwenda mbele na Mama akakaa kupumua, akamtazama.

"Ehe, mtani. Mikono nimeiona. Mdomo umeuacha Mabawa?"

Wanawake wakacheka kidogo. Tabu hakucheka. Alinitazama mimi. Hakumtazama Mama wala wale wakubwa.

"Mwanasha," akasema, "nifanye?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeombwa ruhusa mara chache sana katika maisha yangu. Mahari yangu walizungumza wengine. Lakini siku ile uani, mtoto kama mimi alinikabidhi jambo lile mkononi na akangoja. Kama ningesema usifanye, angerudi kwenye masufuria, naliona hilo waziwazi. Sijui ni nini kilinigeuza. Labda ni zile ndoo. Labda nilitamani tu kumsikia Bibi.

Nikasema, "Bila kikohozi."

"Bila kikohozi," akajibu.

Mama akamvua dada yake kanga, akamfunga Tabu. Wakampa sinia. Akaliweka kichwani, mkono kiunoni, akainamia kushoto. "Vitumbua! Mwenye njaa aje, mwenye shibe anipishe njia!" Akamtania Mama kuhusu chumvi yake, akamwita mjomba wangu mdogo, aliyekuwa bado mtoto, mume asiyetoa matumizi. Wanawake walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, wengine machozi yaliwatoka kabla hawajashika kanga usoni. Mimi nilicheka. Nakiri nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kelele zile zilimleta Baba. Alikuja kututuliza, maana wazee walikuwa bado mbele. Akasimama mlangoni pa uani, na Tabu wakati huo alikuwa anageuka na sinia lake, wakaonana uso kwa uso.

Kila mtu alijua Baba ameshikilia neno moja tu, na neno hilo ndilo shule ya Tabu. Sijui kilichofuata kilikuwa ushujaa au ni mdomo uliokwisha kuzoea njia. Nimemuuliza mara nyingi, naye hajui. Alimtazama Baba kutoka juu mpaka chini, kama Bibi alivyokuwa akifanya, akasema:

"Kijana, umekula?"

Baba akashika mwimo wa mlango. Kisha sauti ikamtoka, si ile tuliyoizoea, ilikuwa ya mtu mdogo zaidi.

"Bado, mama."

Tabu akateremsha sinia. Mama akapakua. Baba aliketi pale pale uani katikati ya wanawake, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada, akala. Alikula sahani yote, akaongezewa.

Jumatatu alikwenda shuleni mwenyewe, na alikaa kwenye kiti. Sikuwapo, lakini Mwalimu Rukia alinihadithia kuwa alisema maneno machache: "Lile neno langu nimelifuta." Tangu siku hiyo mpaka alipofariki alimwita Tabu "mama", naye Tabu hakupita Ngamiani bila kumuuliza swali lile. Na maji? Tulikunywa kata moja wiki ile ile, mimi na Tabu na Zaina. Zaina alicheka akapaliwa, tukamgonga mgongo.

Tabu alisoma kupita mimi. Akawa mkunga, na wawili kati ya wanangu wameshikwa na mikono yake kabla ya mikono yangu.

Lazima niandike na hili, nisije nikakudanganya. Mkeka haukufaulu kila mara. Mwaka uliofuata Mwalimu Rukia aliutandaza kwa wasichana wengine wawili, mmoja akakataa kufungua kinywa, akaacha shule, na Mwalimu alilia mbele yetu. Basi si dawa ya kila ugonjwa.

Sasa nasaha, kama ni nasaha. Watu husema dawa ya moto ni moto. Mimi nimepika maisha yangu yote, na moto ulipoparamia pazia niliuzima kwa maji. Husema pia samaki mkunje angali mbichi, nao wameshika fimbo. Aliyesema akunjwe hakusema avunjwe. Kabla hujatia sahihi ile, mwanangu, mkalishe mtoto huyo mahali aonwe na aliowaumiza, nao wamwone. Usimuulize kwa nini, atakupa uongo au machozi. Muulize kilitokea nini na alikuwa anawaza nini, kisha nyamaza. Waulize walioumia wameumia wapi, nao usiwaharakishe kusamehe. Msamaha wa kulazimishwa ni embe la kuvundikwa kwa moshi, rangi imeiva na ndani ni chachu. Waliocheka nao waulize, maana mchekaji ndiye mtia kuni. Tena mpe mkosaji kazi ya kutengeneza, si adhabu ya kuvumilia tu. Kiboko Tabu angekivumilia vizuri sana, akaondoka nacho Unyamwezi, na sisi tungebaki na kile kikohozi masikioni maisha yetu yote. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kama baada ya hayo yote bado utaona hapana budi aondoke, basi utakuwa umemwondoa mtu unayemjua jina la mama yake.

Mungu akupe subira ya Mwalimu Rukia na uongo wake mzuri. Akupe watoto watakaokuuliza, "Nifanye?" na akupe moyo wa kungoja jibu. Akufungulie milango iliyo yako, na ukikosea mlango, akupe mtu wa kukuonyesha wa uani.

Jioni hii tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa wa nazi, na mchicha kidogo. Tabu alikuja na mkongojo wake baada ya magharibi. Kabla hajakaa alitutazama sote mmoja mmoja, akauliza lile swali kwa sauti ile ile. Tukajibu bado, ingawa wajukuu walikwisha kula.